Mzee Sifaeli Anangoja Kupiga Hodi

Saa kumi na moja jioni, Tabea alikuwa akimkatia ng'ombe mgomba kwa panga lililokwisha makali. Alipoinua macho akamwona mume wake amesimama kati ya migomba miwili, hatua kumi kutoka mlangoni. Mzee Sifaeli alikuwa amefariki, mwaka wa saba sasa. Alivaa koti la kijivu na ile kofia ya sufu aliyokuwa akienda nayo kanisani. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto uliishia njiani, kama picha iliyopitiwa na kidole chenye maji.

"Karibu, Baba Elinaza," Tabea alisema, akaweka panga chini.

Mzee hakujibu. Aliinua mkono, akaushusha, akabaki palepale. Tabea hakumharakisha, maana alimjua. Miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kuvuka kizingiti bila kupiga hodi, hata akiwa ametoka kuangalia ng'ombe tu. Majirani wote wa Moshono walimcheka kwa hilo. Ng'ombe akamaliza kula, na mzee bado amesimama.

Kesho yake alikuwepo, na keshokutwa. Mvua ikanyesha. Nanyori, jirani wa upande wa chini, alikuja kuomba chumvi, akapita karibu naye.

"Mama Elinaza, mumeo analowa."

"Namwona."

"Si umwingize ndani? Au mmenuniana tena?"

"Anangoja kupiga hodi."

"Basi apige, jamani. Wanaume nao!" Nanyori alipokea chumvi yake, akamwamkia mzee kwa heshima alipokuwa akitoka, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada, Ndeshi, mjukuu wa Tabea, alikuja kutoka Kijenge, mjini, anakofanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza gemu za mtandaoni. Alipofika kwenye migomba alipunguza mwendo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwamkie na babu yako."

"Shikamoo, Babu." Mzee akainua mkono. Ndeshi akautazama ule mguu wa kushoto. "Mguu nilisema nitaumalizia mwezi wa tatu," alisema.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kijiji cha mlimani. Wachezaji, kila mmoja na simu yake huko aliko, hulima migomba, huchuma kahawa, hutembeleana. Ndeshi ndiye aliyewatengeneza wanakijiji, na mmoja wao alimtengeneza kwa picha za babu yake. Tabea alimsaidia, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, akimweleza babu alivyotembea, na alivyosogea ili mgeni apate nafasi. "Na hodi," alisisitiza. "Asiingie nyumba yoyote kabla hajapiga hodi. Hilo usije ukalisahau." Ndeshi akaanza na hilo. Sauti ikaachwa iwe ya mwisho. Aliondoka na kaseti ya mnada wa mavuno wa kanisani, ambamo mzee anasikika akinadi mkungu wa ndizi na kucheka. Kaseti haikuwa na hodi, lakini Ndeshi aliahidi kwamba ataiunda kutokana na sauti ile, na Bibi atamsikia babu akiita mlangoni kama zamani. Tangu wamzike, Tabea hakuwa ametamani kitu kingine.

"Gemu imetoka lini?" Tabea aliuliza sasa.

"Jumatatu, Bibi. Nilimwomba bosi miezi miwili zaidi. Akasema kuna kampuni ya Nairobi nayo inatoa gemu ya shamba, na mtu akishapanda migomba yake kwao hahami tena."

"Kwa hiyo babu yako akatoka hivi."

"Akatoka hivi."

Ndeshi alikula, akaosha vyombo, akamwekea babu mwavuli begani, akashuka mjini.

Wiki iliyofuata alikuja bosi mwenyewe, Dismasi, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Wachezaji walikuwa wakilalamika kwamba kuna mzee amekwama kwenye migomba. Dismasi alimwamkia yule mzee, akamzunguka mara moja, polepole.

"Kofia imetoka vizuri sana," alisema.

Tabea akammiminia chai. "Sauti yake mtaiweka lini, mwanangu?"

"Bibi, nisikudanganye. Tumeshaanza gemu nyingine. Kuna watu wa Dar wanatengeneza inayofanana nayo."

"Na hao wa Nairobi, ya kwao imekamilika?"

Dismasi akacheka kwa uchovu. "Watu wa gemu yao hawana vidole. Walisikia sisi ni Jumatatu, wakatoa Jumapili."

Tabea alikoroga chai yake kwa muda. Kisha akamweleza kwamba hata yeye mwaka mmoja alichuma kahawa ikiwa kijani, kwa kuwa jirani alikuwa ameshaanza na mnunuzi hangoji mtu. Kahawa yote ikarudishwa. Baadaye jirani akamwambia kwamba yeye alianza baada ya kumwona Tabea na kikapu.

"Kumbe ulitangulia wewe?" Dismasi aliuliza.

"Nilikuwa naenda kuchuma mboga, mnafu tu."

Simu ya Dismasi ikaita, akaitazama, akasimama na kushukuru kwa chai. Kaseti aliirudisha Ndeshi mwisho wa mwezi, imefungwa vizuri kwenye mfuko. Hakukaa. Gemu mpya ilikuwa inatoka Ijumaa.

Siku hizi, saa kumi na moja ikifika na ng'ombe ameshakula, Tabea huchukua kigoda na bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akauvuta mlango nyuma yake. Huhesabu hatua kumi. Kwenye mgomba wa kwanza husimama.

"Hodi," husema.

Mzee Sifaeli huinua mkono, kisha husogea nusu hatua upande, mgeni apate nafasi. Hilo Ndeshi alikuwa amelimaliza. Tabea hukaa. Humweleza habari za ndama, na za Nanyori na chumvi, na kwamba Elinaza amepiga simu. Kila anapomuuliza kitu hungoja, kwa muda unaomtosha mtu kujibu, kisha huendelea.