Bi Mkubwa wa Miaka Minne

Eqilana, mke wa kwanza wa mume wangu, alikufa miaka mitano iliyopita. Mwaka uliofuata jirani yetu Regine akazaa mtoto wa kike, akampa jina lile. Kwetu jina halirudi peke yake, hurudi na mwenyewe. Kwa hiyo Otonia, mume wangu, humwita mtoto yule "mke wangu," na fungu la kwanza la nyama ni lake. Mimi nimeolewa miaka mitatu. Wanawake huniita bi mdogo, wakicheka, nami hucheka nao. Bi mkubwa hajaweza hata kujivalisha viatu.

Kila asubuhi ya Juni, barafu inapoanza kuyeyuka, mimi huteremka na mtaimbo hadi kwenye jiwe lile lile, nikatoboa barafu ya bahari huku nikihesabu mapigo mpaka maji yatokee. Hakuna aliyenifundisha. Hesabu huiandika nyuma ya kalenda. Wiki iliyotangulia yalikuwa kumi na manne, halafu tisa. Asubuhi ile yalikuwa matatu, na upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kutoka nchi kavu, ule unaosukuma barafu baharini.

Niliporudi nilimkuta Otonia akifunga mbwa kwenye sleji, gari lake la kuburutwa barafuni. Mtoto alikuwa amemwomba ngozi ya nyangumi mwenye pembe, ile mbichi ya kutafuna, na nyangumi walikuwa wameonekana kule barafu inakokomea. Mwaka jana niliiomba mimi, barafu ikiwa ya mapigo kumi na moja. Alisema haipitiki.

Nikamwambia: matatu.

"Nitapita kando ya mwamba," akasema. "Nimeshamwahidi."

"Na mimi?"

"Wewe mtu mzima, Tekummeq."

Niliwaza, basi na aende. Sikulipenda wazo hilo, lakini lilikaa nami njia nzima hadi kwa Regine. Bi mkubwa alikuwa sakafuni, anakula mkate na jamu.

"Mwambie mumeo asiende," nikamwambia.

"Si mume wako?"

"Mimi hanisikii."

Akalamba kidole, akifikiri. "Wewe unalalia kitanda changu. Bibi alisema."

Regine akageukia jiko, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ndiyo, ni chako," nikasema.

Kwa malipo mtoto akataka glavu za manyoya ya mbwa, kama zangu. Nikakubali. Nikambeba mke mwenzangu mgongoni, maana theluji ilikuwa imeyeyuka na njia ilikuwa tope tupu.

"Usiende," akamwambia Otonia. "Siitaki tena ngozi."

Hakumuuliza sababu. Akawafungua mbwa mmoja mmoja, akitabasamu.

Mchana barafu ilikatika pale pale kando ya mwamba, ikaondoka na alama za sleji za siku zilizopita juu yake, mpaka ikabaki mstari mweupe kwa mbali. Tulisimama wote ufukweni. Watu wakasema Eqilana bado anamtunza mumewe. Regine alinitazama, akafumbua kinywa. Nikatikisa kichwa, akakifumba.

Tulipokwisha kula niliketi dirishani nikashona. Otonia akaziona glavu zile, ndogo kama masikio ya mbwa.

"Nimefurahi," akasema. "Nilidhani unamwonea wivu."

Nikakata uzi kwa meno, nikamwomba asogee kidogo, ananizibia mwanga.