Posa na Kofia Yenye Mkia

Zafilahy aligundua kwamba amekuja na mjusi wake alipokwisha kuketi mkekani nyumbani kwa watu, mbele ya ukoo mzima wa Vavisoa, msichana waliyekuja kumposa. Vidole vidogo vya kunata vilimtembea utosini, chini ya kofia ya ukili, kutoka sikio moja kuelekea la pili.

Ni kosa la Jaozara, mpwa wake, aliyemkurupusha asubuhi: "Mjomba, tutachelewa! Mjomba, vaa kofia twende!" Naye Zafilahy akaitoa kofia ukutani, akaitia kichwani bila kuitazama, wakati anajua fika kwamba humo ndimo anamolala Ramaitso, mjusi huyo.

Sasa Jaozara alikuwa nje barazani, anangoja kuambiwa kama amepata mke, na msemaji alikuwa Zafilahy. Kwa desturi yao msemaji wa upande wa mume huvua kofia, kisha huomba radhi kwa kila aliyepo na kila kilichopo, ndipo aitaje posa. Akiteleza, hutozwa faini. Akiteleza vibaya, wageni huambiwa warudi baada ya mavuno ya vanila. Na kabla ya mavuno kwisha, yule mnunuzi wa vanila mwenye pikipiki, aliyekuwa akipitapita hapo kila wiki, angekuwa ameshaposa.

"Mzee Zafilahy," alisema Bezara, msemaji wa upande wa mke, mtu aliyependa makosa ya wenzake kama wali. "Kofia."

"Nafika huko," alijibu Zafilahy, akaanza. "Naomba radhi kwa wazee, maana wapo wanaostahili kusema kabla yangu. Naomba radhi kwa vijana. Naomba radhi kwa mlango nilioingilia, kwa kizingiti nilichokikanyaga, kwa kuku mliyemfukuza mkekani ili mimi nikae..."

"Kuku amesamehe," alisema Bezara. "Kofia bado."

"Chini yake kuna upara, ndugu yangu. Naona haya."

"Upara wako tunauona kila siku sokoni! Leo umeota nini?"

Watu wakacheka. Zafilahy akacheka nao, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kichwa kilitikisika. Ramaitso akaanza kutafuta njia ya kutokea. Kitu chembamba cha kijani kikamning'inia Zafilahy juu ya nyusi.

"Yesu wangu!" alipiga kelele shangazi mmoja. "Kofia ina mkia!"

Kicheko kikakatika. Watu wote wakamgeukia Bibi Soamary, nyanya yake Vavisoa, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika nyumba ile. Bibi alikuwa akiutazama mkia.

Zafilahy akaona maneno ya kupamba yamemwishia. Akavua kofia.

Ramaitso alikaa katikati ya upara, kijani kibichi, madoa mekundu mgongoni, akatoa ulimi na kulilamba jicho lake mwenyewe.

"Ni mjusi wangu," alisema Zafilahy. "Namfuga. Tangu mke wangu afariki, asubuhi nanywa kahawa naye, mimi kikombeni, yeye ukingoni, anafuata sukari. Sikukusudia kuja naye. Kama ni kosa, ni langu, kijana hayumo. Basi."

"Posa gani hii!" Bezara alifoka. "Mtu anakuja na mdudu kichwani! Warudi baada ya mavuno!"

"Wewe Bezara, kaa," alisema Bibi Soamary. Akasogea karibu. "Anakula nini huyu?"

"Nzi, bibi. Mende. Na ndizi iliyoiva sana."

"Anauma?"

"Akishikwa kwa nguvu. Hataki kushikwa, anataka kuachwa aje mwenyewe."

"Na huyo kijana wako barazani?"

"Huyo haumi, bibi. Ila anakula kila kitu."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nyuma ya pazia Vavisoa naye akasikika akicheka, na nyumba nzima ikafuata, isipokuwa Bezara.

"Mke mmepata," alisema Bibi. "Lakini kofia haikuvuliwa kwa wakati. Faini ipo."

"Jogoo," Bezara alidakia.

"Jogoo ninao. Nzi pia ninao, wamejaa jikoni." Bibi akaweka kipande cha ndizi mbivu mkekani.

Zafilahy alifungua mdomo ataje mbuzi badala ya mjusi wake. Lakini Ramaitso alikuwa ameshashuka shingoni, begani, mkononi, na sasa alikuwa analamba ndizi ya watu bila hata kugeuka nyuma. Zafilahy akafunga mdomo. Alitikisa kichwa kukubali.

Nje, Jaozara aliruka kutoka barazani. "Mjomba! Wamesemaje?"

"Wamekubali. Faini wamemchukua Ramaitso."

"Loo, afadhali!" Jaozara alimkumbatia kwa furaha. "Mjusi tu, mjomba. Si utapata mwingine?"

Zafilahy alijitoa mikononi mwake.

"Ingia ndani," alisema, "ukamwambie Vavisoa maneno hayo hayo juu yake mwenyewe, uone kama utatoka na mke."