Makisio ya Ukurasa wa Themanini na Nane

Barua pepe ya Dokta Moira, msimamizi wa tasnifu yangu, ilikuwa na mistari mitatu tu, na yote ilinikata maini. Maneno niliyoyaweka kwenye alama za kunukuu, ukurasa wa kumi na nne wa tasnifu yangu, hayamo katika kitabu nilichokitaja wala popote pengine. Nifike ofisini kwake Alhamisi saa tatu asubuhi, nieleze nimeyatoa wapi.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Lakini maana yake niliijua: mwanafunzi anayetunga ushahidi hufukuzwa chuo, na viza nayo inakwenda na maji. Kwetu Kyela wazazi wangu tayari wananiita profesa, jambo ambalo nimewakataza mara kumi.

Tasnifu yenyewe ni ya Waslavi. Watu hucheka: Mnyakyusa na Waslavi, wapi na wapi? Haya, chekeni. Karne ya sita na ya saba Waslavi waliingia Balkani, na baada ya muda sehemu kubwa ya nchi ile ikawa inazungumza lugha yao. Wenyeji walikwenda wapi? Wako wataalamu wanaosema waliuawa au walikimbia. Wako wanaosema wengi walibaki palepale, wakaoana na wageni, wakabadili lugha, na wajukuu wao wakawa Waslavi. Wanabishana mpaka leo. Mimi ninayeishi Seven Hills, huku ughaibuni, ninayesikia watoto wa Kitanzania wakisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, nilishachagua upande kabla sijafungua kitabu. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Ninaishi na Waceke, nesi Mkenya asiye na breki mdomoni. Jumatano mchana nilimweleza yaliyonipata.

"Na hiyo quote uliitoa wapi?"

"Kwenye daftari langu."

"Lete."

Akafunua, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ikupa! Hii notebook yote ni Kiswahili. Kwani huyo mzee aliandika kitabu yake na Kiswahili?"

Nilikaa chini. Ndiyo desturi yangu: nasoma Kiingereza, naandika Kiswahili, maana nisiloweza kulisema kwa Kiswahili sijalielewa. Miezi mitano baadaye kitabu nilikuwa nimekirudisha maktaba, siku zimeniishia, nikageuza Kiswahili changu kuwa Kiingereza na kukifungia alama za kunukuu. Maneno yalikuwa yangu, nimemsingizia mwandishi.

"Sasa si uko sawa!" Waceke akasema. "Page ni hii, themanini na nane, date iko. Mwonyeshe tu." Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa chini.

Pale, chini ya wazo la mwandishi kwamba wenyeji walibaki wakaoana na wageni, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: *Lakini anasema haya ni makisio yake tu, makaburi ya kale yaliyofukuliwa bado ni machache.*

Mstari huo haukuingia kwenye tasnifu. Nisiseme nilisahau. Niliuona nikaupita, kama unavyompita shemeji usiyempenda sokoni.

"Piga picha," Waceke akasema polepole, "halafu u-crop hiyo line ya chini. Hajui Kiswahili. Nani atajua?"

Nikapiga, nikakata. Picha ikatoka safi. Nikapiga simu maktaba nikiomba kitabu chenyewe, nikaambiwa kimeazimwa.

Alhamisi ndani ya treni niliitazama picha ile njia nzima, na hasira zikanipanda, zote juu yangu mwenyewe. Naitwa kwa kushukiwa uongo, nami nakwenda kujitetea kwa uongo? Kuna akili hapo?

Dokta Moira anataka aitwe Moira tu. Siwezi, mwalimu haitwi jina kavukavu. "Dokta," nikasema, na badala ya simu nikatoa daftari. Nikamweleza desturi yangu, nikamsomea ukurasa wote, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Nikafika mstari wa chini. Nikausoma nao.

"Huu niliuacha makusudi," nikasema. "Mstari huu uliniharibia hoja."

Alivuta droo, akaweka kitabu mezani. Kilikuwa kilekile, na kikaratasi kimechomekwa ukurasa wa themanini na nane.

"Ninacho wiki mbili sasa," akasema. "Maneno yako hayamo, lakini wazo limo. Na hilo la makisio limo pia. Nilitaka kujua utanieleza mpaka wapi."

Nililia, tena kwa kwikwi, mbele ya mwalimu, na sikuona haya hata kidogo. Alinipa siku kumi na nne: niondoe alama za kunukuu, nieleze wazo la mtu kama lilivyo, na shaka yake niiweke palepale pembeni yake. Basi. Hakuna kesi.

Nje jua lilikuwa kali na miguu yangu myepesi kupita kiasi. Nikampigia Waceke. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza! Nina wiki mbili za kurekebisha."

"Aki asante Mungu. Na ile picha, aliiamini?"

"Sikumwonyesha. Nilimsomea mstari wote wa chini."

Nikangoja nitukanwe. Badala yake nikasikia pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

"Afadhali," Waceke akasema. "Mimi jana sikulala juu ya hiyo picha."