Rangi ya Tumbo la Ndege

Ndege ya kwanza ya Fabien ilikaa angani dakika nne, na katika dakika ya nne hakuiona kabisa.

Fabien alikuwa fundi wa simu na redio mjini Baraka, kando ya ziwa, mtu wa miaka arobaini na kidogo, mpole, asiyejali sana pombe wala mpira. Starehe yake ilikuwa moja tu: kuunda vindege vya vita, vile vya zamani vyenye elisi inayozunguka puani. Alivichonga kwa frigolite, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa friji mpya. Mota, betri na telekomande ya kuongozea alivipata Bujumbura, kimoja kimoja, karibu miaka miwili. Ukutani kwake alibandika picha ya ndege halisi, akaifuata kama fundi cherehani anavyofuata kipimo: bawa, mkia, kioo cha rubani. Hata rangi hakuibadilisha. Juu kijivu, tumboni buluu iliyofifia, kwa kuwa ndivyo picha ilivyoonyesha.

Alikwenda kwanza kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kuomba ruhusa, naye chefu akawaarifu askari wa kizuizi cha barabarani. Kisha asubuhi moja ya likizo akaipeleka ndege yake kwenye uwanja wa shule na kuirusha.

Ilipaa vizuri. Ilipofika upande wa ziwa aliigeuza, na papo hapo ikapotea. Sauti aliisikia, ila buluu ilikuwa imeingia mbinguni na kijivu kimeingia kwenye ukungu wa ziwa. Alibaki na kijistari cheusi tu, hajui kama kinakuja au kinaenda, kama kiko chali au kifudifudi. Akavuta kulia, kumbe ilitakiwa kushoto. Ndege ikaanguka ng'ambo ya barabara, ndani ya mihogo ya Mama Godelieve.

Fabien alikimbia huko. Aliona kwanza bawa lililovunjika, halafu jembe lililotupwa, halafu Mama Godelieve mwenyewe, amelala kifudifudi kati ya matuta, mikono miwili juu ya kichwa.

"Mama, umeumia?"

Alipomgusa bega, mama wa watu alishtuka mwili mzima.

"Ziko ngapi?" aliuliza, uso ungali udongoni. "Ziko ngapi zenye zinakuja?"

"Ni moja tu, mama. Ni yangu mi. Ni kitu ya kuchezea."

Alimsaidia kukaa. Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, ambaye kanisani sauti yake ilisikika kuliko kwaya nzima, na sasa sauti hiyo ilikuwa kama ya mtoto mgonjwa. Aliokota kile kipande cha bawa, akakigeuza juu na chini.

"Hii rangi naijua," alisema. "Tulikuwa mu shamba na mama yangu. Tulisikia sauti, tukaangalia juu, hatukuona kitu. Wakati tuliiona, ilikuwa imeshafika."

Fabien hakuthubutu kumuuliza yaliyompata mama yake. Alimsindikiza nyumbani akimbebea jembe. Njia nzima alitamani atukanwe, na hakutukanwa.

Nyumbani alikuwa na ndege ya pili, imekamilika, bado nyeupe. Kwa juma zima hakuigusa. Mwishowe aliibeba hadi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kwa Saleh, mpaka rangi wa mitumbwi, akiwa amekusudia kuwaachia watoto wa Saleh waichezee.

Saleh alimsikiliza huku brashi ikiendelea. Alimwita kwa jina la binti wa kwanza wa Fabien, kama wanavyoitana wenye watoto.

"Papa Aline, unapaka ndeke rangi ya kujificha, halafu unashangala imejificha?"

Fabien alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Saleh akakata vipande vya frigolite, akavipaka mabaki ya makopo yake: nyekundu, kijani, manjano, chungwa, nyeupe. Akavichomeka kwenye ufito mrefu, akamwambia Fabien atembee ufukweni akihesabu hatua. Kijani kilimezwa mapema na miti ya nyuma. Nyekundu, ambayo Fabien aliitegemea sana, iligeuka nyeusi kabla ya hatua mia mbili. Manjano na chungwa zilivumilia. Lakini Saleh alipouinua ule ufito juu kabisa, vipande vyote vikawa vivuli tu.

"Sasa unaona," Saleh alisema Fabien aliporudi. "Mutumbwi ukiwa mbali, hatuulizake rangi. Tunauliza unaangalia wapi. Paka juu rangi moja, tumbo rangi ingine, na mistari minene. Midogo itachanganyikana."

"Itakuwa ndeke ya vita ya namna gani?"

"Mwili ni ule ule." Saleh alifuta brashi. "Na yule mama, ulimuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Kesho yake alimkuta uani akimenya mihogo, akapanga vile vipande vya rangi mbele yake na kumweleza shida yote. Mama Godelieve alivitazama muda mrefu, kisu mkononi.

"Juu ni yako," alisema. "Tumbo njo mi nitaona. Weka hii." Akagusa chungwa. "Yote."

"Inaomba mistari myeusi, mama, nijue imegeuka."

"Weka. Lakini ikuwe mikubwa, nisiitafute. Na siku ya kurusha ukuje kuniambia we mwenyewe, usitume mutu."

Fabien alipaka mabawa manjano kwa juu, na tumbo chungwa lenye mikanda mitatu myeusi, kila mmoja upana wa kiganja. Ilimuuma kidogo kuiona pembeni ya ile picha ya ukutani. Picha akaitoa.

Siku ilipofika alikwenda shambani kumwambia, naye akajifunga kitenge na kusema wanakwenda pamoja. Uwanjani alisimama ubavuni mwa Fabien, akamshika kiwiko. Ndege ilipoondoka vidole vyake vilibana mpaka Fabien akashindwa kusukuma vizuri vijiti vya telekomande, lakini hakumwambia aachie.

Upande wa ziwa ndege ikalala ubavu, tumbo likawaka.

"Inageuka," alisema Mama Godelieve, kabla Fabien hajafumbua mdomo. "Inakuja huku."

"Ndiyo, mama. Naipeleka kando."

Aliizungusha mbali na shamba, mara ya pili, mara ya tatu. Safari hii hakukosea mkono hata mara moja. Alihisi furaha imemjaa kifuani, akatamani kuipandisha juu zaidi.

"Imetosha," alisema mama. "Ishushe."

Betri ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Fabien aliishusha, ikateleza kwenye majani na kutulia. Mama Godelieve aliifikia kwanza, akaipindua, akaondoa majani kwenye mikanda myeusi kwa kidole gumba.

"Siipendake, Fabien."

"Najua, mama."

"Jumamosi niko ku soko mpaka saa nane. Rusha Jumamosi."

Akamkabidhi ndege, akavuka barabara kurudi kwenye mihogo, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na tuta moja la kulima lilikuwa limebaki.