Mwisho Ambao Mzee Rahimu Hakuusikia

Tamimu Rahimu alikuwa na miaka arobaini na saba, duka la vifaa vya ujenzi pale Mandewa, na ugonjwa mmoja usio na dawa: alipenda roki ya Waingereza wa miaka ya sabini, ile waliyoiita progresivu, ambayo wimbo mmoja haujaisha, wali umeshaiva jikoni. Singida nzima, kwa alivyojua yeye, wagonjwa wa namna hiyo walikuwa watatu. Wa pili alikuwa Mathayo, fundi bati aliyepiga dramu. Wa tatu Elina, mpiga kinanda wa kwaya aliyetokea Iramba, naye aliambukizwa na Tamimu mwenyewe.

Ugonjwa huo Tamimu aliurithi. Baba yake, marehemu mzee Rahimu, alikuwa dereva wa misheni kule Kilimatinde, ambako daktari mmoja Mzungu alikuwa na sanduku zima la santuri. Mzee aliomba, akaruhusiwa, akazinakili kwenye kanda sita. Kanda hizo ndizo zilizokuwa shule ya Tamimu. Alizisikiliza tangu darasa la pili mpaka zikaanza kukwaruza, na kila alichokijua kuhusu muziki huo kilitoka humo.

Sasa, baada ya miaka mitatu ya kurekodi ndani ya stoo ya saruji, albamu yao ilikuwa tayari, nyimbo nne ndefu za kwao wenyewe. Mtangazaji wa redio moja ya mtandaoni, huko Dar es Salaam, aliahidi kuipiga yote Jumatatu, mradi aipate kabla ya Jumapili jioni. Tamimu alikuwa amemwandikia, tena kwa kujidai, kwamba wamefuata nyayo za wakubwa bila kupinda, hasa katika jambo moja: kila wimbo ulikatika ghafla, shamrashamra zikiwa zimepamba moto.

Elina alilipinga jambo hilo tangu mwanzo. "Kaka, wimbo hauna amina," alikuwa akisema. Tamimu alimjibu kila mara kwamba roki si pambio. Wakubwa walikata hivyo, basi na wao watakata hivyo.

Ijumaa mchana, Tamimu akiwa ametoka msikitini, Elina aliingia dukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Elina aliweka simu juu ya kaunta na kuuwasha wimbo wa kanda ya kwanza, ule ambao Tamimu angeweza kuuimba hata akiwa na homa. Tamimu akatabasamu. Ulipokaribia pale pa kukatika, akainua kidole: sasa hivi.

Wimbo haukukatika. Gitaa lilipanda, kinanda kikalipokea, dramu zikatulia polepole, na baada ya dakika nne ukaisha kwa adabu zote, kama mgeni anayeaga kila mtu mlangoni. Kidole cha Tamimu kilikuwa bado kiko juu.

"Na zile nyingine?" aliuliza.

"Zote, kaka. Nimezitafuta mtandaoni moja moja. Hakuna aliyekata. Kanda ndizo zilizoisha, upande mmoja ni robo saa tu, na wimbo mmoja unaupita."

Mteja aliyetaka misumari ya bati alipewa misumari ya mbao, akaondoka nayo. Tamimu aliona aibu, ile aibu hasa ya kuchoma masikio. Miaka arobaini alikuwa ameheshimu upungufu wa utepe akidhani ni ufundi. Angemwambia nini yule mtangazaji? Na mwisho wa wimbo angeutoa wapi kwa siku mbili?

"Tunaweza kuufuata huu wa kwenye simu," Elina alisema.

"Huo ni wao. Tukiuchukua tutakuwa wezi juu ya ujinga."

Alifunga duka, wakaenda uani kwa mama yake, Bi Chiku, aliyekuwa akichambua choroko kwenye ungo. Elina akaamkia. Tamimu hakuwa na subira ya salamu ndefu.

"Mama, baba alijua kwamba nyimbo zake zimekatika?"

"Angeacha kujua? Alikuwa akiwasha mashine ya daktari, anapeleka wagonjwa Manyoni, akirudi kanda imeshajaa. Mwisho wake yeye hakuwahi kuusikia."

"Na hakuniambia?"

"Akuambie saa ngapi?" Bi Chiku akacheka. "Kanda ikikata tu, yeye anaumalizia kwa mluzi. Na wewe huyo, umesharuka, unageuza upande wa pili. Hata siku moja hukumwacha amalize."

Tamimu alikaa juu ya ndoo. Aliukumbuka ule mluzi. Aliuchukulia kuwa ni mluzi tu, wa mtu aliyeshiba. Alikumbuka pia jinsi alivyokuwa akijisifu kwamba hakuna mtoto anayegeuza kanda upesi kama yeye. Moyo ulimuuma, na hapakuwa na wa kumwomba radhi.

"Mimi alinimalizia jikoni," mama yake aliendelea. "Kanda zote, mwisho ulikuwa huohuo mmoja. Ila mluzi siwezi. Sisi tuliambiwa mwanamke akipiga mluzi anaita nyoka."

Akaanza kuuimba mdomo ukiwa umefungwa, vidole vikiendelea kutafuta vijiwe kwenye choroko. Elina alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyowasikiliza wanakwaya wapya.

"Kaka, huu si ule wa kwenye simu," alinong'ona. "Wala haufanani. Ni wa nani?"

"Wa baba. Rekodi."

Elina akabonyeza simu. Bi Chiku alipotea njia mara mbili, akarudi nyuma, akanyamaza kutupa jiwe, kisha akaendelea. Tamimu aliikalia mikono yake. Wimbo uliteremka, ukateremka tena, mpaka mama yake akaacha kuimba na kuusogeza ungo. Tamimu alisubiri, asije akawa hajamaliza.