Divai Ambayo Baba Hakuionja

Baba yangu, Joash, alitengeneza divai miaka thelathini bila kuionja hata tone. Sisi ni watu wa kanisa la Friends, na pombe kwetu ni mwiko. Lakini aliwahi kuwa kibarua wa mzungu mmoja pale Lumakanda, na mashamba yalipogawanywa, mizabibu ikaangukia upande wake. Majirani waling'oa yao wakapanda mahindi. Baba alibakiza mistari miwili, akawa anampelekea padre wa Kikatoliki divai ya misa. Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Alisema siri ni kule juu tunakoishi: mchana jua kali, usiku baridi ya kung'ata, basi zabibu hujivika ganda nene na divai hutoka nyeusi. Mengine aliyajua kwa pua. Aliinamia pipa, akafumba macho, nasi watoto tukanyamaza kama tuko kanisani. Natamani ningelinusa tena jiko letu la siku zile.

Mwaka 1993 homa ikaiua pua yake. Moshi, sabuni, samaki, vyote kwake vikawa kama maji. Na padre alikuwa akingoja divai ya Pasaka. Ikiwa imegeuka siki, baba angeaibika mbele ya kanisa lisilo lake. Akaniita mimi, Selpher, bintiye mkubwa, akanipa kikombe.

"Onja, mama. Sijawahi kupatia Padre kitu sijui."

Nilikuwa mkaidi, tena wokovu wangu ulikuwa mbichi. Nikamjibu kwamba kama ni dhambi kwake, ni dhambi kwangu pia. Alilivingirisha pipa hadi shambani, akaimwaga yote kwenye mashina.

Kesho yake nililiosha pipa lile. Chini kulibaki kama kijiko kimoja. Nikachovya kidole. Siki naijua, na hii haikuwa siki. Ilikuwa kali, nzito, ikanikausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa, kisha ikaacha utamu uliokawia kuondoka. Nililia palepale.

Baba aliishi miaka minne zaidi, na hakutengeneza nyingine. Siku moja tukiambua mahindi akaniuliza kama nilisikia harufu ya ile divai nilipokuwa naliosha pipa.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Ilikuwa imeharibika, baba."

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Basi nilifanya vizuri kumwaga."