Mkutano wa Jumatatu kwa Simu ya Upepo

Kaka yangu Rugaibula alipofunga simu ya upepo, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, dukani kwetu Hamugembe, mjini Bukoba, miaka kama kumi baada ya vita vya mpakani, nilishukuru kuliko yeye. Nilikuwa nimechoka na njia.

Biashara yetu ilikuwa sangara. Mayunga, mshirika wetu Msukuma, aliwanunua kwa wavuvi visiwani Muleba, sisi tukiwauza Bukoba. Zamani, ili kupanga bei, ilibidi tusafiri tukakutane naye Muleba, na kufika ilikuwa bahati. Miaka ile ya ugonjwa wa kukondesha kila kijiji kilikuwa na msiba, na Mhaya hapiti nyumba yenye msiba bila kuingia, kukaa na kulia. Unaondoka asubuhi kwenda mkutanoni, jioni bado uko kwenye matanga ya mtu wa njiani, na huko samaki wanaoza.

Simu ilimaliza hayo. Kila Jumatatu tulikaa mezani, betri ya gari miguuni, tukapanga na Mayunga bei, barafu na siku ya boti. Samaki walifika wazima, wateja wakaongezeka. Rugaibula akanogewa. Akaacha kwenda hata misiba ya mtaani.

"Msiba una wenyewe," alimwambia Mayunga hewani. "Tukimlilia kila mtu, nani atauza samaki?"

Mtoto wa Protase, jirani tunayepakana naye, alipofariki, kaka alituma sukari. Mkutano uliendelea.

Kisha mama akafa. Haukuwa ugonjwa ule. Ulikuwa uzee, na uchovu wa kuzika watoto.

Kwetu wanaume wa jirani ndio huchimba kaburi. Asubuhi ya mazishi hawakuja. Wanawake wachache waliingia, wakalia kwa adabu, wakaondoka. Nilimfuata Protase kwake nikapiga magoti.

"Waitu, ndugu yetu, mama yuko ndani. Njoo utusaidie kuchimba."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. "Pole, Paskazia," alisema. "Sukari tutaleta."

Niliporudi nilimkuta Rugaibula kibanjani, amevua shati, anachimba peke yake kati ya migomba. Mbavu zake zilihesabika. Alikuwa amekonda sana mwaka ule, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Mwite Mayunga," alisema. "Alete vijana wake kwa boti. Yule ni mtu wetu."

Nilikimbilia dukani. Mayunga alisikika vizuri, kama yuko chumba cha pili.

"Pole sana, dada. Nimesikitika kweli. Lakini nina samaki kwenye barafu, nikiondoka wataoza. Rugaibula ataelewa, si yeye aliyetufundisha? Mwambie tutaongea Jumatatu. Ova."

Nilizima, nikalia kwa hasira. Niliwakasirikia Mayunga na Protase, na zaidi kaka yangu, ambaye sikuweza kumchukia.

Nilipofika kibanjani shimo lilikuwa halijapita magoti yake. Aliegemea sururu, anahema.

"Amesemaje?"

"Anakuja."

Akatabasamu, akauliza kama wageni watakuta chakula. Nikasema watakuta.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Nilifunga kanga kiunoni, nikachukua koleo, nikashuka shimoni. Nilisimama upande wa njia, nikimkinga, ili asiwe anainua macho kutazama kama wanakuja.